Kusema kwa Kutuliza

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nisalimie mkaza mjomba, umwambie yale mapazia aliyonipa yametosha dirisha na kipande kikabaki, nimekifanya kitambaa cha meza. Mimi ni mzima. Chumba ni kikavu, jirani wa kushoto ni fundi cherehani asiyeimba, jirani wa kulia si fundi wa chochote na anaimba. Mama ameniandikia kwamba mguu wake umepona, na sasa anatembea mpaka majirani wamechoka kumsalimia. Na mashine ya kusaga je? Bado inakohoa asubuhi kabla ya kuwaka?

Nimepata kazi, Mjomba. Usicheke mpaka nimalize. Kwenye majengo marefu kuna lifti, na ndani ya lifti kuna kitufe chenye picha ya kengele. Watu wengi hudhani ukikibonyeza kengele inalia tu. Kumbe kinapiga simu, na simu hiyo inaita kwenye chumba kidogo chenye meza mbili, feni moja, na mimi. Lifti ikikwama katika jengo lolote tunalolihudumia, mimi ndiye wa kwanza kuongea na waliomo ndani, na naongea nao mpaka fundi afike awatoe.

Kazi naipenda. Shida ni sauti. Siku yangu ya kwanza alikwama bwana mmoja na godoro lake. Nikamwambia, "TULIA! USIOGOPE! FUNDI ANAKUJA!" Yule bwana akasema, "Dada, niko ndani ya lifti, siko ng'ambo ya mto."

Msimamizi wangu, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuwa anasikiliza. Akaniambia, "Unajibu haraka, unajibu kwa adabu, lakini hujibu kwa kutuliza." Nikamuuliza kwa kutuliza ni kufanyaje. Akasema, "Ukiifanya utajua." Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Mei. Asipoisikia hiyo kwa kutuliza yake, kibarua kimeota nyasi.

Sasa nakuuliza wewe, kwa sababu wewe ndiye mwenye makosa. Sote tumelelewa ubavuni mwa mashine yako ya kusaga. Kwetu mtu akiomba chumvi mezani, jirani ndiye anayeileta. Mimi nitaitoa wapi sauti ya kutuliza? Ningekupigia simu, lakini simu na mashine hazipikiki chungu kimoja, tulishajaribu. Niandikie.

Mpwa wako,
Honi (jina ulinipa mwenyewe, usilikane)


21 Februari

Mpwa wangu Honi,

Marahaba, marahaba sana. Hapa sote tu wazima, ukimwondoa jogoo, ambaye amepigwa na kuku wake mwenyewe na sasa analala upande wa pili wa ua. Mashine inakohoa kama kawaida, mimi nakohoa nayo, kisha tunaanza kazi. Mkaza mjomba wako aliposikia umepata kazi alipiga kelele mpaka wateja wakaingia ndani kutupa pole. Ilibidi tuwaeleze kwamba ni furaha.

Barua yako imesomwa hapa na imetuchekesha wote. Yule bwana wa godoro ana haki yake. Mtu akishafungiwa kwenye sanduku la chuma, halafu sanduku lenyewe limfokee, hapo pana kutulia?

Sikiliza nikufundishe. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na hakuna nyoka aliyetolewa kwa makelele. Sema chini. Chini kabisa, kama mtu anayetoka kinyumenyume kwenye chumba cha mtoto mchanga aliyelala. Vuta maneno, yarefushe, weka pumzi katikati. Mimi mwenyewe sijawahi kuongea hivyo hata mara moja, lakini nimewahi kuwasikia watu wakifanya, na walionekana wanajua wanachofanya.

Usishangae mwandiko. Kalamu hii ni nene na meza inacheza. Na ukisikia kwamba nilimwaga unga nje ya gunia la mteja, wa kulaumiwa ni gunia. Lilikuwa jeupe, sakafu nyeupe, unga mweupe, nani angejua?

Msimamizi wako mpe heshima zake. Mama wa miwani ya kamba hachezewi.

Mjomba wako


17 Machi

Mjomba,

Shikamoo, hata kama leo naitoa kwa meno. Huku tu wazima, jirani wa kulia ameongeza wimbo. Mpe pole jogoo.

Nimefuata ushauri wako. Nimeufuata neno kwa neno, ndiyo maana sasa niko matatani.

Juzi lifti ilikwama, na taa ya ndani ikazima. Ndani alikuwemo fundi rangi na ndoo yake, na mwalimu mstaafu wa kike aliyekuwa anakwenda kumwona daktari wa meno. Wakabonyeza kitufe. Nikakumbuka nyoka na pango. Nikaisogeza midomo kwenye kipaza sauti, nikasema chini kabisa, kwa pumzi, "Ninawasikia... Niko hapa pamoja nanyi... Msiogope..."

Nikamsikia fundi rangi akiuliza, "Mwalimu, ni wewe?"

"Si mimi," mwalimu akajibu. "Nilidhani ni wewe."

Nikaongeza, tena chini zaidi, "Mko wawili... nawajua..." maana kamera huwa inanionyesha waliomo hata gizani, na nilitaka wajue hawako peke yao. Mjomba, sijawahi kusikia ukelele kama ule, na nimekulia mashineni. Ndoo ikapinduka. Fundi wetu alipoufungua mlango aliwakuta wamekumbatiana, wote wawili wa kijani kuanzia magotini kushuka chini. Mwalimu akaja mpaka ofisini kwetu na viatu vyake vya kijani, akasema, "Kama lifti yenu ina mzimu, muwe mnaandika mlangoni."

Msimamizi hakucheka. Aliivua miwani, na akiivua mambo yameharibika. Akasema amebakiwa na subira moja tu kwa ajili yangu.

Nacheka hapa ninapoandika, lakini naogopa. Naipenda kazi hii kuliko nilivyodhani. Mlango unapofunguka, kabla simu haijakatika, huwa nasikia watu wanavyozishusha pumzi zao. Hakuna anayeniona, wengi hawakumbuki hata kuaga. Lakini ile pumzi naisikia mimi peke yangu, na narudi nayo nyumbani. Sitaki kuikosa.

Na jambo la pili, ambalo nataka ulijibu kabla ya la kwanza. Mistari ya barua yako imepandana. Neno "jogoo" limekaa juu ya neno "mpwa." Na mama kaniandikia kwamba wiki iliyopita alipokuja kukuona ulimkaribisha vizuri sana, ukamwonyesha bomba linalovuja. Dada yako wa tumbo moja, Mjomba, umemwona fundi bomba. Macho yako vipi?

Mpwa wako,
Honi


12 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu. Mkanda wa mashine ulikatika, halafu kukawa na hiki na kile. Mkaza mjomba wako anakusalimu, na anasema ukipata nafasi umtafutie sindano za kufumia, zile nyembamba. Kuhusu macho, mashine inaendelea vizuri.

Mwalimu wako wa kijani ametuvunja mbavu. Lakini nilipomaliza kucheka niliona aibu, kwa sababu wewe uliniuliza jambo la kweli nami nikakujibu kama mtu anayefundisha kuogelea kwa kuwa aliwahi kupita karibu na maji. Basi safari hii sikujibu haraka. Nilikaa mashineni nikatazama. Au tuseme nilisikiliza.

Kuna mama mmoja huja na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ana kilio cha kukwangua sufuria. Anaingia akilia, nawasha mashine, kelele yote unayoijua, kuta zinatetemeka. Na mtoto analala! Hulala fofofo, shingo upande. Wiki hii umeme ukakatika katikati ya kusaga. Kukawa kimya kizuri, kimya cha kitajiri. Mtoto akaamka, akapiga yowe. Nimewaona watoto wakifanya hivyo maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza. Kumbe si ukubwa wa sauti unaomsumbua. Anataka sauti isiyobadilika, ambayo anajua bado ipo.

Halafu siku ile mkanda ulipokatika. Foleni ilikuwa mpaka barabarani, watu wakaanza kusukumana, huyu anadai kafika mwanzo, yule anadai kaibiwa zamu. Zamani ningesema "tulieni," nao wangeongeza kelele. Umewahi kumwona mtu aliyeambiwa "tulia" akatulia? Nilitoka na unga wangu usoni nikasema kwa sauti hii hii ya kwetu, "Mkanda umekatika. Ninao mwingine, naufunga sasa hivi. Mtasikia nagonga nyundo, halafu mtasikia mota. Mwenye ndoo ya bluu ndiye anayefuata, na mimi siendi popote." Mpwa wangu, wakakaa chini. Mmoja akaanza kusimulia habari za harusi.

Ndipo nikaelewa neno la msimamizi wako. Mimi na wewe tulidhani kwa kutuliza ni sawa na kwa upole. Sivyo. Upole uko kwa anayesema, kutuliza kuko kwa anayesikia. Mtu anaweza kuongea kwa upole tangu asubuhi mpaka jioni na asimtulize hata paka. Na mkaza mjomba wako, ulimi wake unaujua, lakini nikiwa na wasiwasi akanifokea, "Kaa hapo, nakuja, chai iko jikoni," basi moyo wangu unarudi mahali pake. Amesema kwa kutuliza, ingawa dirisha limetikisika. Kwa hiyo neno hilo usilipime mdomoni mwako. Lipime kwenye pumzi ya mwenzako, hiyo hiyo unayorudi nayo nyumbani.

Waambie kinachoendelea, waambie kitakachofuata, waambie hutoki. Na tumia sauti uliyozaliwa nayo. Ya kuazima itakutoka mikononi siku mbaya.

Mama yako akikuandikia lolote linalonihusu, ujue anatia chumvi.

Mjomba wako


20 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sindano za kufumia zimo ndani ya bahasha hii, zile nyembamba, mkaza mjomba azipokee. Mimi ni mzima, na jirani wa kulia nimeanza kumsaidia kwenye kiitikio.

Nina habari ya kazi na nina habari nyingine. Naanza na ya kazi.

Jumamosi tulipata simu kutoka jengo lenye ukumbi juu kabisa. Lifti imekwama katikati ya ghorofa, na ndani yake kuna bibi harusi, mama yake, na mpiga picha. Gauni lenyewe lilikuwa limejaza lifti kiasi kwamba kwenye kamera niliona kitambaa na vichwa tu. Mama mtu anapiga mayowe kwamba wanakufa. Bibi harusi analia kwamba asilie, wanja utaharibika. Msimamizi akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

Neno "tulieni" lilinijia, nikalimeza. Nikafungua mdomo, na sauti yetu ya mashineni ikatoka yenyewe, yote.

"Nawasikia wote. Mimi ndiye niko nanyi mpaka mlango ufunguke, na siondoki kwenye kiti hiki. Umeme umekatika, na umeme ukikatika breki zinaikamata lifti. Haianguki, imeshikwa. Fundi ameshaingia kwenye jengo, anapanda kwa ngazi, na kwa kuwa ni mnene kidogo atafika anahema. Mtasikia kishindo juu ya vichwa vyenu kama sahani ya bati ikidondoka. Huyo atakuwa yeye."

Wakanyamaza. Nikaendelea kueleza kila kitu, hata visivyo na maana, ngazi ziko upande gani, fundi amevaa shati gani. Kishindo kikaja. Bibi harusi akauliza, "Ni yeye?" Nikamwambia ndiye. "Kweli anahema," akasema, na akacheka. Halafu akauliza nani amemkalia shela. Mpiga picha akasema, "Mimi, nisamehe, nimeogopa kusema." Basi wakaangua kicheko wote watatu. Nilipokohoa na kusita kidogo ninywe maji, mama mtu akaita haraka, "Binti, usinyamaze! Endelea kuongea, sauti yako imejaa humu, tunajisikia tuko wengi."

Mlango ukafunguka. Nikaisikia ile pumzi, Mjomba, ya watu watatu kwa pamoja. Nikageuka. Msimamizi alikuwa ameivaa miwani yake. Akasema, "Ndiyo hiyo," akarudi mezani kwake. Jana ameniambia majaribio yamekwisha na nimebaki kazini. Nilimshukuru kwa sauti, na ghorofa ya chini wakatuletea pongezi.

Sasa habari nyingine. Kaa chini.

Mama hakutia chumvi. Ameniambia ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba hospitali imekupangia siku nawe umesema mkanda umekatika, na imekupangia tena nawe umesema mota. Mficha maradhi, Mjomba, methali iliyobaki wewe mwenyewe unaimalizia. Umeituliza foleni nzima kwa maneno, umenituliza mimi kwa barua, lakini wewe umejificha nyuma ya magunia. Kweli mganga hajigangi. Basi mimi ndiye nitakayekuganga, kwa dawa yako mwenyewe.

Katika jengo mojawapo tunalolihudumia kuna kliniki ya macho. Nilipanda kwa ngazi, maana nayajua mengi kuhusu lifti, nikamuuliza muuguzi kila kitu. Kitakachotokea ni hiki. Watakutia matone, tena na tena, mpaka uchoke kutiwa. Ni ya kulifanya jicho lisisikie maumivu. Utalala chali. Watakufunika uso kwa kitambaa chenye tundu, na hewa itakuwepo ya kutosha. Utakuwa macho, utawasikia wakiongea. Utaona mwanga mkali, kisu hutakiona. Utahisi kama maji yanakutiririka shavuni. Halafu utasikia kitu kinaunguruma. Ni mashine, Mjomba. Inauvunjavunja ule ukungu wa jicho na kuufyonza. Yaani inasaga. Ikianza kuunguruma, wewe fanya kama wale watoto. Wakimaliza wataliziba jicho hilo, utarudi nyumbani, na kesho yake watalifungua. La pili litafuata baadaye.

Siku yako ninayo, mama kanipa. Nimeomba ruhusa na nimepewa. Nitakuwa nje ya mlango, siondoki. Niandikie neno moja tu, ndiyo.

Mpwa wako anayekupenda,
Honi


30 Juni

Mpwa wangu,

Ndiyo.

Najua jibu limechelewa, umeshakuja na umesharudi. Lakini uliliomba kwa maandishi, na deni la maneno nalo ni deni.

Marahaba kwa shikamoo zote. Jicho linaendelea vizuri, na tazama mistari yangu ilivyonyooka, jogoo amekaa peke yake. Nimegundua kwamba ukuta wa jikoni ni wa bluu. Mkaza mjomba wako anasema alipaka mwaka juzi, na mwaka juzi nilimwambia ni mzuri sana. Yeye mwenyewe amepata mvi mbili tatu mbele, zimempendeza, nimekaa namtazama mpaka akanifukuza nikasage.

Sasa nikuambie ambalo sikukuambia. Barua zako zote tangu Februari sikuzisoma. Alinisomea yeye, mashine ikiwaka, na unaijua sauti yake mashine ikiwaka. Foleni nzima inamjua mwalimu wa kijani. Siku bibi harusi alipotoka salama walipiga vigelegele, na mtu mmoja akaenda zake bila unga wake. Ile barua ya Mei alipofika kwenye "kaa chini," wote walikaa. Kisha wakanigeukia. Ndiyo maana nilikwenda, mpwa wangu, ningeponea wapi? Leo asubuhi nimezisoma zote upya kwa jicho langu hili. Una mwandiko mzuri.

Na jambo la mwisho, ambalo huwezi kulijua kwa kuwa ulikuwa nje. Waliponilaza nilishika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kuliko siku yoyote. Wakanifunika. Ndipo nikakusikia unamweleza mkaza mjomba wako. Mlango ulikuwa umefungwa, haukusaidia kitu. "Sasa wameshamfunika. Hewa anayo. Sasa anauona mwanga." Na kweli nikauona. "Sasa anasikia maji." Yakaja maji. Sijui ulikuwa unajuaje, au ulikuwa unabahatisha, sitaki uniambie. Kisha kikaanza kuunguruma, nawe ukasema, "Hiyo ndiyo mashine yenyewe." Vidole vyangu vikauachia ukingo.

Muuguzi mmoja akakasirika. "Nani huyo anapiga kelele huko nje? Ngojeni nikamnyamazishe."

Nikamwambia, "Mwache. Ananituliza."

Jicho la pili ni Agosti. Njoo.

Mjomba wako